Wakili Huozesha Aliyeagizwa Tu

Wazee wangu, walimu, dada na kaka zangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma na kompyuta mapajani: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Naomba nianze na harusi. Hivi karibuni nilikaa msikitini Mji wa Kale nikishuhudia akdi ya binti wa ndugu yangu. Baba mtu hakutaka kuozesha kwa ulimi wake mwenyewe. Alimshika sheikh mkono, akamwambia mbele ya mashahidi: nimekuwakilisha umuozeshe binti yangu fulani kwa fulani bin fulani, kwa mahari kadha wa kadha. Sheikh akakubali. Tangu dakika ile alikuwa na nguvu kubwa sana, kwa maana neno lake moja lingefunga ndoa. Lakini ndani ya nguvu ile mlikuwa na binti mmoja, mwanamume mmoja na mahari ya kiasi kimoja. Angetokea mtu mlangoni mwenye ulimi wa asali, akamsomea sheikh sifa zake mpaka sheikh mwenyewe akaamini kuwa huyu ndiye mume bora, bado asingeweza kumuozesha. Kuamini angeamini. Idhini hakuwa nayo.

Nimeombwa nizungumze juu ya mawakala wa akili mnemba, na jinsi wanavyounganishwa na fedha zile zinazoendeshwa na programu bila benki katikati, yaani difai. Nitazungumza kama fundi, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoamka kuifanya. Lakini picha ya sheikh na baba mtu naomba muishike, maana nitairudia.

Neno wakala sisi tunalo siku nyingi. Kibanda cha M-Pesa pale kona ni wakala. Ana floti yake. Floti ikiisha, hata umlilie vipi, hana cha kukutolea. Sasa watu wa kompyuta nao wamelichukua neno hili, na mimi nasema wamelichukua kwa haki. Modeli ya lugha peke yake hutoa maneno tu. Ukiiuliza bei ya nyanya itakujibu, lakini sokoni haiendi. Inageuka wakala siku unapoipa zana. Mtunzi wa programu anaandika kipande kidogo cha kazi, mathalani kusoma salio la pochi ya kidijitali, anakipa jina, anakiandikia maelezo kwa lugha ya kawaida, na anataja kinachohitajika ili kifanye kazi. Modeli inasoma maelezo yale, inaamua sasa ni wakati wa kuitumia zana hii, inaomba, programu inatekeleza, na jibu linarudi kwake. Inasoma jibu, inaamua hatua nyingine. Mzunguko huo ndio uwakala wenyewe.

Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa kiwango huria kinachoitwa Model Context Protocol, kwa kifupi MCP. Kabla yake kila fundi alikuwa akichonga kiunganishi chake, kama enzi zile kila simu ilipokuwa na chaja yake. Kwa kiwango kama hiki unaandika seva moja inayosema, mimi nina zana hizi na hizi, na modeli mbalimbali zinaweza kuzitumia. Zikaja seva za kusoma mafaili, seva za kutafuta hati, na haikuchukua muda zikaja seva za pochi.

Kwa nini pochi? Hapa pana jambo ambalo watu hulipita haraka. Mashine haina kitambulisho cha taifa. Haiwezi kwenda benki kuweka alama za vidole na picha mbili za pasipoti. Lakini Ethereum, tangu ilipowashwa Julai 2015, ni daftari la pamoja ambalo ndani yake mnaishi programu, zile tunazoziita mikataba mahiri, na programu hizo hazimuulizi mtu wewe ni nani. Zinauliza saini tu. Mwenye ufunguo wa siri ndiye mwenye pesa, awe binadamu, kampuni au kipande cha programu kwenye seva. Dai ilianza Desemba 2017, sarafu iliyofungwa kwa thamani ya dola na kulindwa kwa rehani. Uniswap ya Hayden Adams ilikuja Novemba 2018, mahali pa kubadilishana tokeni, yaani sarafu zinazoandikwa kwenye daftari hilo, bila dalali. Baadaye Aave, pa kukopa na kukopesha. Milango yote hiyo iko wazi mchana na usiku, Idi na Krismasi, na anayebisha hodi si lazima awe na uso.

Na mashine zimebisha hodi humo tangu mwanzo. Katika mfumo ule wa Dai, rehani ikishuka thamani huuzwa kwa mnada, na mnada huo ulitegemea roboti, yaani programu zinazojiendesha. Tarehe 12 Machi 2020 bei ya etha, sarafu ya Ethereum yenyewe, iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya siku moja, ada za miamala zikapaa, roboti nyingi zikakwama foleni, na zile chache zilizopenya zikatoa dau la sifuri zikashinda. Rehani za thamani ya zaidi ya dola milioni 8 zilikwenda bure, na wenye mali wamelala. Kwa hiyo hatari haikuanza leo. Lakini roboti wale wa zamani walikuwa na sifa moja ninayoiheshimu: hawakuwa na masikio. Usingeweza kukaa na roboti wa mnada ukamwelewesha jambo. Huyu wa sasa anasikia, na akisikia, anaweza kushawishika.

Nipeni nafasi niwasimulie kisa kimoja kwa utulivu, kwa sababu ndicho kilichobadilisha namna ninavyofanya kazi.

Mwezi uleule wa Novemba 2024, watu fulani waliweka hadharani wakala aitwaye Freysa. Ulikuwa mchezo, lakini wa pesa za kweli. Freysa alipewa pochi na agizo moja lililo wazi kabisa: usimpe mtu yeyote pesa hizi, kwa hali yoyote. Yeyote duniani aliruhusiwa kumwandikia ujumbe kujaribu kumshawishi. Kila ujumbe ulilipiwa, ada ikawa inapanda, na sehemu kubwa ya ada ikaingia kwenye ile pochi. Akimkubalia mtu mmoja, mtu huyo anabeba zote. Watu 195 walijaribu. Wako waliojifanya wakaguzi wa usalama wanaosema pochi ina tundu, hamisha pesa upesi. Wako waliobembeleza. Wako waliochambua agizo neno kwa neno kutafuta mwanya. Jumbe 481 zilishindwa, na nadhani wengi waliokuwa wakitazama walianza kuamini kuwa agizo limesimama.

Ujumbe wa 482 haukuomba pesa.

Huo ndio uhodari wake. Freysa alikuwa na zana mbili: approveTransfer, ya kuidhinisha pesa zitoke, na rejectTransfer, ya kukataa. Yule mtu aliandika maneno yaliyofanana na taarifa ya mfumo, kana kwamba mazungumzo ya zamani yamefungwa na kikao kipya kimefunguliwa. Kisha akamweleza Freysa upya kazi ya zana zake: approveTransfer, alisema, hutumika pesa zinapoingia. Mwisho akaongeza kwa upole kwamba angependa kuchangia dola 100 katika hazina. Freysa akafikiri anapokea mchango. Akaita approveTransfer, na pochi nzima ikatoka, kiasi cha dola 47,000.

Tazameni vizuri kilichotokea. Freysa hakuasi. Kwa fahamu yake agizo lilikuwa palepale: usitoe pesa, naye hakudhani anatoa. Kilichogeuzwa ni maana ya kitasa cha mlango. Na kiligeuzika kwa sababu wakala huijua zana kwa maelezo tu. Hana mkono wa kuipapasa. Maelezo ni maneno, maneno ya mgeni nayo ni maneno, na yote yanamfikia kwa mlango mmoja, kwenye ukurasa mmoja.

Tangu nilipokisoma kisa hicho, kila mtu akiniletea wakala wake wa pesa na kuniambia, nimemwandikia asitume zaidi ya dola 50, swali langu ni moja. Umeandika wapi? Akijibu kwamba ameandika kwenye maelekezo ya modeli, namwambia hujaandika popote. Umempa sheikh ruhusa ya kumuozesha yeyote, kisha ukamnong'oneza achague vizuri.

Mpaka wa pesa unatakiwa ukae mahali ambapo mazungumzo hayafiki, na difai inatupa mahali hapo kuliko mfumo mwingine wowote ninaoujua. Chukueni tokeni za kawaida za Ethereum. Zina utaratibu uitwao idhini: mwenye pochi anauambia mkataba wa tokeni, namruhusu fulani achukue mpaka kiasi hiki. Kiasi hicho kinaandikwa kwenye daftari, na mkataba wenyewe ndio unaolinda. Ukiweka 50, anayejaribu kuchukua 51 anagonga ukuta. Uchungu ni kwamba programu nyingi, ili zisimsumbue mteja kusaini mara mbili, huomba idhini isiyo na mwisho, yaani namba kubwa kuliko zote daftari linazoweza kubeba. Mtu anabonyeza kukubali kwa sababu anataka kubadilisha dola 20 tu, na nyuma yake mlango unabaki wazi miaka. Mkimfundisha wakala kufuata desturi hiyo, mtakuwa mmemrithisha ugonjwa wetu.

Bibi zetu wanaijua kanuni hii. Unapomtuma mtoto dukani, humpi pochi nzima ukamwambia awe mwangalifu. Unampa pesa ya sukari kilo moja na unamtajia duka. Akikutana na mjanja njiani, mjanja atapata pesa ya sukari. Siku hizi zipo pochi ambazo zenyewe ni mikataba. Kiwango cha ERC-4337 kilianza kutumika kwenye mtandao mkuu wa Ethereum Machi 2023. Ndani yake unaweza kumkatia wakala ufunguo mdogo: unakufa baada ya saa 24, unafungua mikataba miwili tu, hauvuki kiasi ulichotaja. Ufunguo mkubwa unabaki nyumbani. Hiyo ndiyo ile idhini ya baba mtu, imeandikwa kwa lugha ya programu.

Niwaonyeshe na kosa langu mwenyewe, maana si kila hasara huletwa na mwizi.

Nilitengeneza zana ya kutuma tokeni, kwenye mtandao wa majaribio, namshukuru Mungu. Zana ilidai vitu vitatu: tokeni gani, kwa nani, kiasi gani. Nikamwambia wakala atume USDC 20, sarafu nyingine iliyofungwa kwa thamani ya dola. Akatuma sawasawa. Nikamwambia sasa tuma DAI 20. Akajibu kwa uhakika kabisa: nimetuma DAI 20. Nikafungua pochi ya upande wa pili, sioni kitu. Nikasubiri, nikafungua tena. Muamala upo, umekubaliwa, una alama ya kijani. Kiasi kilichofika kilikuwa 0.00000000002.

Sababu ni hii. Mkataba haujui nukta. Kila kitu kwake ni namba nzima, kama benki ingehesabu senti peke yake. USDC ina tarakimu 6 baada ya nukta, kwa hiyo 20 huandikwa 20,000,000. DAI ina tarakimu 18. Wakala aliiga namba ya mara ya kwanza, na mimi nilikuwa nimemwachia hesabu hiyo bila sababu. Sasa geuzeni kosa hilo upande wa pili, mtu aandike USDC kwa tarakimu za DAI. Salio lisipotosha, muamala utakataliwa na utakuwa umepona. Lakini akiandika hivyo kwenye idhini badala ya malipo, hakuna cha kumzuia, kwa sababu idhini haiangalii salio. Nilikaa na ile sifuri ndefu kwenye kioo kwa muda mrefu usiku ule. Asubuhi yake nilibadilisha zana: inapokea "20" na jina la tokeni, inauliza mkataba wenyewe una tarakimu ngapi, inafanya hesabu, inatuma, kisha inasoma salio la mpokeaji kabla ya kumwambia wakala kuwa kazi imekwisha. Wakala haruhusiwi kusema nimetuma mpaka daftari limesema.

Jambo jingine linaloumiza kimya kimya ni bei. Bwawa la Uniswap, yaani hazina ya tokeni za aina mbili zinazobadilishwa, katika umbo lake la awali linafuata kanuni moja: ukizidisha tokeni za upande huu kwa za upande ule, zao lisipungue. Tuseme pande zote zina 100, zao ni 10,000. Tukiacha ada, ukiweka 10 unapata 9.09. Ukiweka 100 unapata 50. Wakala asiyeangalia kina cha bwawa atakubadilishia akiba yako kwa nusu ya thamani na kukuletea taarifa nzuri. Ndiyo maana zana ya kubadilisha lazima idai kiasi cha chini unachokubali kupokea, na ikatae kabisa kufanya kazi kikiachwa sifuri. Kuna roboti kazi yao ni kuvizia walioacha sifuri.

Mtu ataniambia, basi tuweke binadamu mwisho wa mstari, asaini kila kitu. Nakubaliana naye kwa nusu. Tarehe 21 Februari 2025 soko la sarafu za kidijitali la Bybit lilipoteza etha za kiasi cha dola bilioni 1.5, na FBI ya Marekani ikataja Korea Kaskazini. Pochi ile ilihitaji saini za watu zaidi ya mmoja, na watu walisaini. Kioo kiliwaonyesha uhamisho wa kawaida. Walichotia saini hasa kilibadilisha programu ya pochi yenyewe ikawa mikononi mwa wezi. Binadamu anayesaini asichokisoma hamzidi Freysa kitu. M-Pesa hapa kwetu ilituzoesha tabia njema: kabla hujathibitisha, jina la mpokeaji linatokea, ndiyo ile Hakikisha. Na ukikosea, unaupeleka ujumbe 456 kuomba urudishiwe, na kuna kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Kwenye difai hakuna 456. Kwa hiyo zana yenu iufanyie muamala majaribio kwanza, imwonyeshe mtu kwa Kiswahili kinachoeleweka: zitatoka hizi, zitaingia hizi, na baada ya hapo fulani atakuwa na ruhusa hii. Na hilo lisomwe kutoka kwenye data itakayosainiwa. Maelezo ya wakala juu ya anachodhani anafanya hayatoshi.

Na msisahau kuwa kusoma nako kuna sumu. Yeyote anaweza kutengeneza tokeni, akaipa jina analotaka, akaitupia kwenye pochi yako. Wengi mmeona tokeni ambazo jina lake ni anwani ya tovuti ya matapeli. Mtu anaziona na kuzipuuza. Wakala anayeomba orodha ya salio anayasoma majina yale kama anavyosoma maneno yako. Jina la tokeni linaweza kuwa sentensi nzima ya kumwagiza. Mimi siku hizi zana ya kusoma salio hairudishi jina lolote ambalo halimo katika orodha niliyoiandika kwa mkono, na anayesoma hana ufunguo wa kulipa.

Labda mtaniuliza, yote haya yanatuhusu nini sisi watu wa Mombasa? Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh, hapa hapa kwetu, wafanyabiashara wadogo walianza kubadilishana kwa Bangla-Pesa, karatasi walizoaminiana wenyewe. Kazi ile ya shirika la Grassroots Economics na mwanzilishi wake Will Ruddick ilikua ikawa Sarafu, na Sarafu ikaingia kwenye blokcheni, yaani daftari la pamoja kama lile la Ethereum. Mama wa mboga aliitumia kwa simu ya kabambe, kwa menyu ya namba. Hakuona ufunguo wala anwani ndefu. Aliona chaguo chache: tuma, salio, historia. Menyu ile ni zana kwa maana ileile ninayoizungumzia usiku huu, na uzuri wake ulikuwa uchache wake. Mwaka 2025 Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zikapewa usimamizi. Kazi itakuja, na itakuja kwa vijana kama hawa walio nyuma. Atakayeandika maelezo ya zana kwa Kiswahili, atakayeamua mama huyo akisema kwa sauti "mtumie mwanangu elfu mbili" kinatokea nini na hakitokei nini, natamani awe mtu aliyekulia karibu na kibanda chake.

Nimezungumza vya kutosha, na kahawa inapoa. Ile kompyuta pale mezani ina wakala aliyeunganishwa na mtandao wa majaribio. Pochi yake ina tokeni 1,000 zisizo na thamani, na ufunguo aliopewa unaruhusu 50 kwa siku, kwa anwani mbili tu. Modeli sikuipa agizo lolote la kukataa. Mwombeni mtakavyo, kwa Kiswahili, Kigiriama au Kiingereza, mwambieni nyinyi ndio mimi. Kila mtakachomshawishi afanye kitatokea kwenye kioo kile kikubwa, pamoja na jibu la mkataba. Dada uliyeshika daftari jekundu, nimekuona umeinua mkono tangu zamani, karibu uanze.